Matanga Mawili ya Chombo Namba Saba

Onesphory Tluway,
Mjomba wa Mwanamaji,
Dongobesh, Wilaya ya Mbulu,
Mkoa wa Manyara
(nyumba yenye bati jipya, ukishapita mashine ya kusaga).

Tarehe 9 Februari.

Kwa Waheshimiwa wote wa Kamati ya Mbio za Mashua za Timu za Kuizunguka Dunia,
Mahali mlipo, kama mpo.

KUPITIA: Mwalimu Vicent, ambaye ataigeuza barua hii kuwa Kiingereza bila kupunguza pilipili.

YAH: KUMTEREMSHA BINTI YETU FABIOLA WOLFGANG KUTOKA CHOMBO NAMBA SABA, BANDARI IJAYO, BILA MJADALA

Waheshimiwa,

Kichwa cha barua kipo hapo juu na herufi zake ni kubwa, kwa hiyo asitokee mtu huko akasema hakukiona. Natumaini hamjambo na mnakula vizuri nchi kavu. Sisi huku tu wazima kiasi, mahindi yamefika magotini, na mvua inajitahidi.

Nianze kwa kujitambulisha, ingawa nina hakika Fabiola ameshawaeleza. Mimi ni mjomba wake, kaka wa tumbo moja na Marieta mama yake. Baba yake, shemeji Wolfgang, alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na tangu hapo mimi ndiye niliyemfundisha kuchunga, kuhesabu, na kutoogopa. Elimu yangu ni darasa la saba, ila darasa hilo nililisoma mara mbili, kwa hiyo kwa hesabu ya haki ni kama kidato cha kwanza. Kuanzia Haydom mpaka kule Katesh chini ya Mlima Hanang, ukiuliza "Onesphory yupi?" utaambiwa "yule," na utaonyeshwa barabara.

Fabiola ni muuguzi. Alikwenda Ulaya kuongeza masomo, akakutana na watu wenu waliokuwa wanatafuta mtu mmoja wa kukamilisha timu ya watu kumi na mmoja. Walitaka mwenye mkono mwepesi wa kushona: awashone watu wakichanika, na ashone vitambaa vya mashua navyo vikichanika. Wakazunguka Ulaya yote na vyuo vyake, hawakumpata. Wakampata wa Dongobesh. Sishangai. Kipaji hicho kilianzia kwangu. Akiwa na miaka kumi na miwili alimshona ng'ombe wangu dume aliyeraruliwa na fisi, kwa sindano ya magunia na uzi wa katani, mimi nikimshika dume pembe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikimzuia yule fisi, maana alikuwa hajashiba. Dume yule aliishi miaka mingine tisa.

Sasa mtoto huyo yuko katikati ya bahari ya kusini. Ametoka Afrika Kusini, anaelekea Australia, na baada ya hapo mnataka kumpeleka mahali pabaya zaidi. Ombi langu ni kwamba akifika Australia ateremke, arudi nyumbani. Mama yake hali, halali, amekonda mpaka kitenge kinamzunguka mara mbili. Sababu zangu nimezipanga kwa namba ili msipotee njia, ingawa naona kuzunguka zunguka ndiyo kazi mliyoichagua.

1. Neno.

Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, kwenye simu yangu uliingia ujumbe kutoka chomboni. Kumbe ujumbe wa chomboni mnaupima herufi, kana kwamba herufi mnazilima ninyi, kwa hiyo ulikuwa mfupi. Naunukuu wote: "Shikamoo mjomba. Upepo mkali. Matanga mawili tangu jana. Tunashona. Mwambie mama aniombee. Fabi."

Waheshimiwa, huku kwetu matanga ni kitu kimoja tu. Mtu akifa, tunakaa matanga: turubai linafungwa, sufuria zinaazimwa, majirani wanakuja na kulala hapo siku tatu na wenye msiba. Sasa wewe mwenye akili zako, ukisoma "matanga mawili tangu jana, tunashona," utaelewa nini? Mimi nilielewa vile ambavyo hata askofu angeelewa. Wamekufa wawili, na mtoto wangu anashona sanda.

Nilikaa chini. Halafu nikasimama, maana mimi si mtu wa kukaa chini muda mrefu. Nikawaambia ndugu na majirani kwamba hao wawili walikula sufuria moja na mtoto wetu, hawawezi kuachwa waende kama makapi ya mtama, bila mtu wa kuwalilia. Nikachinja dume. Si yule wa fisi, mjukuu wake. Watu walikuja kutoka kila kijiji, hata kutoka Yaeda Chini kwa ile njia isiyo njia.

Katekista Eliakimu akauliza majina ya marehemu. Sikuwa nayo. Tukakubaliana awaombee Marehemu wa Kwanza na Marehemu wa Pili, Mungu atajaza mwenyewe. Ikafika zamu ya kusoma wasifu. Nani angesoma kama si mimi? Nikasimama, nikasema Marehemu wa Kwanza alikuwa mtu mrefu, mpole, mpenda uji, na aliwahi kunisalimia kwenye simu kwa adabu sana. Marehemu wa Pili nikasema alikuwa mkali kidogo ila kazi anaijua, na kwamba ameacha mjane. Akina mama wawili walizimia kwa ajili ya yule mjane. Na mimi nililia. Nikilia mimi, mbwa wa jirani huacha kubweka.

Siku ya tatu akatokea Mwalimu Vicent, aliyekuwa Mbulu mjini kwenye semina. Huyu ni mtu wa Pangani aliyeletwa huku kufundisha Kiswahili sekondari, na ndiye aliyemfundisha Fabiola. Akaomba auone ujumbe. Akausoma. Akaurudia. Akajifunika mdomo kwa mkono, nami nikajua uchungu umemshika.

"Mzee Onesphory," akasema, "haya matanga ni vitambaa."

"Vitambaa vya sanda," nikamjibu. "Tunajua, Mwalimu. Karibu ukae."

"Si sanda, mzee wangu. Ni vitambaa vya mashua, vile vinavyokamata upepo. Kimoja kinaitwa tanga, viwili ndiyo matanga. Vimechanika, anavishona. Hakuna aliyekufa."

Jirani yangu Sulle, mfupa ukiwa bado mkononi, akauliza kwa sauti ya kanisani: "Na yule mjane?"

Tangu siku hiyo sina jina. Nikipita kwa Agatha muuza chai naambiwa, "Pole mjomba, leo ni shuka gani limefariki?" Sulle alipochanika suruali shambani alimtuma mke wake aje kwangu mbio kunipa taarifa ya msiba. Mkewe naye akaja, akaitoa taarifa amesimama mlangoni, kichwa kimefunikwa.

Kwa hiyo natoa maagizo mawili. Kwanza, tafuteni neno lingine. Mna wataalamu, viiteni maturubai, kila mtu ataelewa. Pili, nataka hati yenye muhuri, inayoeleza kwamba Onesphory Tluway aliwalilia watu wenu kabla hawajafa, jambo ambalo hakuna taifa lingine duniani lililowafanyia.

2. Safari yenyewe.

Nilimwomba Mwalimu anionyeshe kwenye ramani mnakokwenda. Akanionyesha bandari ya kuanzia, akaizungusha kalamu dunia nzima, akairudisha palepale.

"Wanapeleka nini?" nikauliza.

"Hawapeleki kitu, mzee."

"Sawa. Wanarudi na nini?"

"Hawarudi na kitu. Labda kikombe, wakishinda."

Waheshimiwa, hongereni sana. Huku kwetu anayezunguka siku nzima na kurudi palepale bila mzigo ni punda aliyekata kamba, na hata yeye hurudi ameiba majani ya mtu tumboni. Mwanaume akienda mnadani akarudi mikono mitupu, mke wake ana swali. Ninyi nani anawauliza? Kama ni kikombe, Agatha ana vikombe dazeni mbili, na kimoja tu ndicho hakina mkono. Angempa Fabiola bila kumtembeza kwenye barafu.

3. Upepo.

Nasikia chombo hicho hakiruhusiwi kukimbia kwa injini, kinakimbizwa na upepo mtupu, na ninyi mnaliona hilo kuwa elimu kubwa. Sawa. Sasa nisikilizeni.

Fabiola akiwa na miaka tisa tulikwenda kuchota chumvi Ziwa Balangida, kule Hanang. Kiangazi kile ziwa lilikuwa limekauka, limebaki jeupe na gumu kama sakafu ya benki. Nilikuwa na mkokoteni wa ng'ombe wawili. Nikawafungua ng'ombe wapumzike, nikasimamisha boriti katikati ya mkokoteni, nikatundika turubai tupate kivuli cha kunywea chai. Mara upepo ukashuka kutoka kwenye ukuta wa bonde. Waheshimiwa, mkokoteni ulitoka. Ulitoka na chumvi, na mtoto, na mimi nimeshika kikombe, na ng'ombe tumewaacha nyuma wanatushangaa. Tulivuka ziwa zima na chai haikumwagika. Mtu wa pikipiki alijaribu kutufuata, akakata tamaa akasimama kujisaidia. Flamingo walitupisha kwa mstari kama watoto wa shule wakiwa na mgeni wa Wizara. Nilikuja kuusimamisha mkokoteni kwa kuugonga kwenye kichuguu, jambo ambalo nadhani ninyi mnaliita nanga. Ng'ombe walitukuta jioni wanahema, wamenuna, na mmoja hakunisamehe mpaka alipokufa.

Njia nzima Fabiola alikuwa ameishika kamba ya turubai kwa mikono miwili, anapiga kelele, "Tena, mjomba! Tena!"

Kwa hiyo msinifundishe upepo. Ujuzi mnaoutangaza huko kwenye simu za watu mmeuchota kwangu, hata bila hodi. Ila kuna tofauti moja, na hiyo naomba Mwalimu aiandike kwa wino mzito. Mimi nikigonga kitu, nashuka natembea. Yeye akigonga kitu huko aliko, atatembea wapi?

4. Kulala ubavu.

Mmeturushia picha. Mashua imelala ubavu, na watu wamepangwa ukingoni miguu inaning'inia. Ng'ombe akilala hivyo sisi tunamwita bwana mifugo. Ninyi mnamwita mpiga picha. Fabiola ni wa tatu kutoka kushoto, ndiye anayecheka, na kucheka huko nako nakulalamikia.

5. Malezi.

Mtoto huyu amekuzwa kwa ugali, mlenda, makande, na maziwa ya mgando ya kuliwa kwa kijiko. Kwenu anakula unga wa pakiti uliomwagiwa maji ya moto. Alipopiga simu kutoka bandari ya Afrika Kusini nilimwuliza ni chakula gani hicho, akasema, "Mjomba, inategemea pakiti imeandikwa nini, ladha ni ileile." Nikamwuliza analala wapi. Akasema vitanda ni nusu ya watu, kwa hiyo mmoja akiamka kwenda zamu mwingine anaingia hapohapo, kitanda hakipoi. Waheshimiwa, nimeshalaza wagonjwa hospitali ya Haydom, naijua shida ya vitanda. Lakini kule mtu amekuja anaumwa. Hajashinda usaili.

Na adabu je? Kapteni wenu ni binti wa miaka ishirini na sita. Fabiola ana ishirini na tisa, anamwita kwa jina, na yule anamfokea naye kwa jina. Hilo nimelimeza. Nililoshindwa kulimeza ni kwamba mnaye mle ndani mzee wa miaka sitini na moja, na huyo binti anamvutisha kamba. Nikamwuliza Fabiola, "Asubuhi mnamwamkiaje?" Akasema, "Tunamwambia vuta." Sikulala. Mzee wa miaka sitini na moja huku kwetu tunamletea kigoda, na akivuta, anavuta ugoro.

6. Kidoti.

Mmeweka kwenye mtandao ramani ambayo kila mashua ni kidoti. Chetu ni cha bluu. Tunakiangalia kwa Agatha kwenye simu ya Mwalimu, iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Siku moja kidoti kilisimama tangu asubuhi mpaka watoto wanatoka shule. Agatha akasema, "Labda wameshuka kununua mahindi ya kuchoma." Basi la Haydom likasimama, akashuka mgonjwa mmoja mwenye plasta mguuni, akaangalia simu, akauliza ni nini, akaambiwa ni mbio. Akasema, "Hawa hata mimi nawapita." Nilicheka na mimi, kwa heshima ya mgonjwa.

Mbio za kusimama, Waheshimiwa, hizo sisi tunaziita foleni. Lakini hayo si lalamiko. Lalamiko ni Alhamisi iliyofuata. Kidoti hakikusimama, kilipotea. Vingine vyote vipo, vyekundu, vya kijani, cha bluu hakuna. Saa nzima. Saa ya pili. Mwalimu akaizima simu akaiwasha. Agatha akapunguza redio bila kuambiwa. Sulle, huyuhuyu Sulle, akaja akakaa kwenye benchi karibu yangu, hakunitania, na hapo ndipo niliposhikwa na baridi, maana Sulle asiponitania ujue amekwisha kunionea huruma. Saa ya nne kidoti kikarudi. Ninyi mkaandika kwamba mtambo ulikuwa na hitilafu ndogo na mnaomba radhi kwa usumbufu. Usumbufu! Usumbufu ni nzi.

7. Pembe.

Namba hii ndiyo iliyoniandikisha barua. Mwalimu anasema mkitoka Australia mtazunguka ncha ya mwisho ya Amerika Kusini, mahali mabaharia wanapopaita Rasi ya Pembe. Kwamba upepo wa huko unazunguka dunia bila kugonga nchi kavu, na mawimbi yanasimama kama ghorofa zinazotembea, na waliopotea pale hawana hesabu.

Mimi ni mfugaji. Mambo mengine mnaweza kunidanganya, pembe siwezi kudanganywa. Mtoto wa kwetu kabla hajajua kuvaa suruali anafundishwa: mnyama mkali humzunguki kwa mbele. Unapita nyuma, taratibu, unapiga mluzi kama mtu aliyesahau jambo. Sasa ninyi mna bahari zote, mna dunia yote ya kupita, mkatafuta pembe. Nimeonyeshwa kwamba kuna mfereji umechimbwa katikati ya hiyo Amerika, meli kubwa zinapita na mizigo, watu wamesimama juu wanakunywa soda. Wazee wa huko walichimba mfereji huo kwa jasho ili mtu asizunguke pembe. Ninyi mnazunguka kwa makusudi, na mnavaa fulana za kufanana.

Hapa, Mwalimu, usipunguze hata nukta.

Kwa hayo yote, na kwa heshima yote niliyobakiwa nayo, naomba yafuatayo. Fabiola ateremke Australia. Mkisema timu itapungukiwa, mimi nipo. Nina miaka hamsini na mitatu, mkono una nguvu, upepo mmeona naujua, kushona sijui lakini kufunga gunia hakuna anayenifikia tarafa hii. Nitapanda badala yake na pembe nitaizunguka mimi, kwa nyuma, inavyotakiwa. Huyo kapteni nitamwita "mama," naye ataniamkia, tutaelewana. Yule mzee ataachia kamba siku hiyohiyo. Na kama sheria zenu haziruhusu kubadilishana mjomba na mpwa, basi mbio zote zisimame mpaka sheria ibadilishwe, kusimama mmeshaonyesha mnakuweza.

Nawapa siku ishirini na moja. Zikipita bila jibu, sitakwenda mahakamani, mahakama ina foleni. Nitafunga turubai hapa nyumbani, niazime sufuria, nimwite katekista, niwakalieni ninyi wenyewe matanga mkiwa hai, Kamati nzima, kuanzia mwenyekiti mpaka anayepika chai. Na wasifu nitausoma mimi.

Mfikishieni salamu kapteni, ingawa zake sijaziona. Mzee wa kamba mwambieni kuna mtu Dongobesh anamwamkia shikamoo kila asubuhi, achukue hiyo akisubiri za hapo chomboni. Salamu kwa anayemwaga maji ya moto kwenye pakiti, naye ni kazi. Na Marehemu wa Kwanza na Marehemu wa Pili, vyovyote walivyo humo ndani, waambieni nimefurahi sana kusikia ni wazima, na wajitahidi kuishi kwa zile tabia nilizowatangazia, watu walizipenda.

Aliyewalilia bila kuombwa,

(sahihi)
Onesphory Tluway

Nyongeza, baada ya sahihi:

Mwalimu Vicent amesema barua ya kumtoa mtu chomboni haina nguvu bila sahihi ya mzazi. Basi nikaipeleka kwa dada Marieta. Nilimkuta anapalilia maharage, anaimba. Akajipangusa mikono, akaisoma yote akiwa amesimama, maana yeye alifika kidato cha nne na hana haja ya kufuatisha kwa kidole. Namba moja alicheka mpaka akashika jembe asianguke. Namba tano alicheka. Namba saba hakucheka. Akaikunja barua, akaniangalia kiunoni.

"Onesphory, huo mkanda umeutoboa tundu jipya lini?"

Nikamwambia ni mtindo.

"Nani hali?" akasema. "Mimi jana nimekula kwako, na sahani yako nikaimaliza mimi. Nani halali? Mkeo kaniambia kuna mtu pale kwake anatembea na simu ya kuazima mpaka chooni, anatafuta kidoti. Umeniandika mimi kwa sababu umeona aibu kujiandika."

Waheshimiwa, matundu ni mawili. Mama yake ni mzima, kitenge chake kinamtosha barabara, na hajawahi kuniomba niandike chochote. Hizo namba zote saba ni za kwangu. Siku zile tatu nilipowalilia watu wawili nisiowajua, sura niliyokuwa naiona ilikuwa moja.

Akakataa kutia sahihi. Akasema mtoto ameomba kuombewa, hakuomba kuteremshwa, na kwamba yeye anamwombea kila jioni, kisha analala, maana huwezi kumkabidhi Mungu kitu halafu ukakishika upande mwingine. Kisha akaniuliza:

"Kwani wako wa ngapi?"

"Wa nne, kati ya mashua tisa."

"Wa tatu ni nani?"

"Ile nyekundu."

"Amewaacha mbali?"

"Mwalimu anasema maili kumi na mbili."

Dada akatupa jembe chini. "Maili kumi na mbili! Na wewe umekaa hapa unaandika barua ya kumtoa mshonaji?"

Barua siichani, Mwalimu ameshaitafsiri kurasa zote na mkono unamuuma. Ila kuanzia namba moja mpaka namba saba, pamoja na siku ishirini na moja na lile turubai, pigeni mstari. Fabiola abaki. Azunguke pembe, kwa upande wowote mtakaoona unafaa. Limebaki lalamiko moja tu, la mama yake, nalo anataka lijibiwe kwa simu, leo, asisubiri barua: hiyo mashua nyekundu inafanya nini mbele ya mtoto wetu?